Aliyeandika kwenye Mashine ya Mama Faida

Mauwa mwanangu,

Mashine ya Mama Faida haikuwa na pepo. Haikuwa na virusi pia, na hakuna mchawi aliyeigusa. Aliyekuwa akiandika kwenye kioo chake ni mimi baba yako, nimeketi chumba cha pili, mlango nimeufunga, nacheka peke yangu kama mtoto aliyeficha viatu vya mwalimu. Jambo hili nimelificha miaka minane. Nimelificha shuleni, kanisani, kwa dada zako, na kwako zaidi ya wote, kwa maana wewe ndiwe uliyeumizwa nalo bila kujua limetoka wapi.

Sasa hivi mko stesheni, wewe na dada yako mkubwa, mmekwenda kuuliza kwa mara ya nne kama treni ya kesho itaondoka kesho. Nawajua wale wa dirishani, hamtarudi mapema. Nimeomba daftari na mto wa kuegemea, nimeanza. Mstari wa kwanza nimeuandika mara tatu kwa sababu mkono unaruka. Mtu aliyewakata wanafunzi alama miaka arobaini kwa ajili ya mwandiko mbaya, leo anaandika kama kuku aliyepita juu ya unga. Inaniudhi. Kila kitu siku hizi kinaniudhi: miguu iliyovimba kama si yangu, dawa inayonipa kiu, daktari anayenikataza maji, na sauti ya huyo daktari aliponieleza kwamba figo zimechoka, sauti ya mtu anayekuambia duka limefungwa.

Habari za chandarua, maji ya kuchemsha na kufunga mzigo kwa kamba mbili sitakuandikia. Dada zako wamekuimbia hayo juma zima. Unakwenda Lubumbashi kujifunza kompyuta, nyumba yote inafurahi, na mimi nimelala hapa nikijua jambo moja la kompyuta ambalo hakuna mwalimu atakayekufundisha kule.

Unazikumbuka biro zetu mbili, zile ofisi za pale shuleni. Zamani kilikuwa chumba kimoja. Waliweka ukuta wa mbao katikati, mwembamba kiasi kwamba ukipiga chafya huku, kule wanakuambia pole. Upande wa barabara alikaa Mama Faida, sekretere. Upande wa nyuma nilikaa mimi, mkurugenzi wa masomo, Papa Direkta wa watu wote. Wafadhili fulani walipotuletea kompyuta, moja tu kwa shule nzima, prefe wetu, mkuu wa shule, aliamua iwekwe kwa Mama Faida. Mimi niliyesoma fizikia chuo kikuu, niliyefundisha umeme kwa kuchora waya na balbu ubaoni kwa chaki kwa kuwa balbu yenyewe hatukuwa nayo, nikaambiwa nikitaka kuandika maswali ya mtihani nimwombe Mama Faida zamu. Naye alikuwa anaifunika mashine kwa kitambaa cha kufuma, na kabla ya kuiwasha anaomba.

Ndani ya sanduku, chini ya makaratasi, kulikuwa na klavye ya pili, kibodi ya kuandikia, isiyo na waya, pamoja na kipande kidogo cha plastiki kisichozidi ukucha wa kidole gumba. Ukikichomeka kile kipande nyuma ya mashine, unaweza kwenda na klavye chumba cha pili ukaandika, na maneno yakatokea kwenye kioo. Mimi nilijua. Wengine hawakujua. Prefe aliitazama akasema hii imekatika waya, itupwe. Niliiokota, nikaitia kwenye droo yangu.

Nimewasikia wazee wengi wakitubu makosa yao huku wakiyavisha nguo nzuri, kwa hiyo nikuambie chanzo kama kilivyokuwa. Haukuwa mzaha mtupu. Nilikuwa na uchungu. Nilitaka yule mama aogope kidogo, aje mlangoni kwangu akisema, Papa Direkta, nisaidie. Nilitaka kuombwa.

Na aliyezifagia biro zile ni Shangazi yako Feza, dada yangu wa tumbo moja. Kazi hiyo nilimtafutia mimi. Mama yako alipofariki ulikuwa na miaka minne, na Feza alikuwa mjane asiye na mtoto. Akahamia uani kwetu akakulea. Yeye ndiye aliyekusuka nywele, aliyekufundisha kukaanga ndakala, dagaa wa ziwa letu, bila kuziunguza, aliyekulaza kifuani mwake ulipokuwa na homa. Haya unayakumbuka. Najua unayakumbuka kwa sababu huyataji kamwe.

Kila asubuhi Feza akimaliza kufagia alisimama kwenye mlango wa Mama Faida, mkono kiunoni.

"Mama Faida, miye niko na njaa. Leo unanipa nini?"

"Nitakupa fagio, ule."

"Fagio nilikula jana. Leo nataka nyama."

"Nyama? Nyama ya nani, weye mama?"

"Ya kwako, iko na mafuta."

Wanacheka wote wawili mpaka mimi nagonga ukuta kuwanyamazisha. Kisha Mama Faida anamkatia nusu ya mkate wake.

Siku ya kwanza nilichomeka kile kipande kabla hajafika. Nikasubiri mpaka nikasikia kiti chake kikilia, na sala yake, na mashine ikiamka. Kisha nikaandika, herufi kubwa: MAMA FAIDA, MIYE NIKO NA NJAA. LEO NATAKA NYAMA. Maneno ya Feza. Niliyachukua kwa sababu ndiyo yaliyokuwa yakiwachekesha kila siku, nikadhani yatachekesha tena. Sikuona kwamba maneno yaliyo utani mdomoni mwa mtu mwenye fagio, yakitoka kwenye kioo kisicho na mdomo ni kitu kingine kabisa.

Alipiga ukelele ambao hata leo nausikia. "Inaandika! Yesu wangu, inaandika yenyewe! Inataka nyama!" Alitoka nje na kiatu kimoja.

Nilipaswa kutoka pale pale na klavye mkononi, nionyeshe, tucheke, Mama Faida anipige na kile kiatu kilichobaki, yaishe. Nilikuwa nimeshainuka. Lakini prefe alifika mbio, walimu watatu nyuma yake, na mmoja wao tayari alikuwa amepiga magoti. Nikairudisha klavye kwenye droo. Nikatoka na uso wa mshangao.

"Kuna nini?" nikauliza.

Nimeishi na swali hilo miaka minane. Kuna nini! Mtu mzima, baba wa watoto watano, anauliza kuna nini.

Ungedhani niliishia hapo. Hapana. Mama Faida alianza kukisimulia kisa kile, na alikuwa msimulizi hodari. Watu wakawa wanakuja mpaka kutoka sokoni kumsikiliza, na mimi nyuma ya ukuta nasikia uwongo wangu ukipendwa. Baada ya siku mbili nikaandika tena, NJAA, herufi moja moja, taratibu, walimu wawili wakiwa wamesimama pale wanaangalia. Nilijiambia mara ya tatu ndiyo nitawaonyesha. Mara ya tatu sikuwaonyesha.

Sasa nikuambie habari ya kundi, maana inakuhusu wewe na kazi unayoiendea. Mama Faida alikuwa ananiuliza mambo ya mashine mara ishirini kwa siku, na miezi michache kabla, ili nipumzike, nilimwingiza kwenye kundi moja la simu la watu wanaosaidiana mambo ya kompyuta. Mlikuwamo watu wa Kigoma, wa Bujumbura, wa Uvira, wa Lubumbashi. Nami nilikuwamo kwa jina la bandia, Volti, na nilijulikana kwa ukali wa kujibu. Akaandika humo: "Jamani wataalamu, mashini yangu iko inaandika yenyewe, inasema iko na njaa. Niko na woga. Nifanye nini?"

Majibu niliyasoma yote. Ningeweza kukuandikia yote mpaka leo.

"Umezima ukawasha?"

"Mama, hiyo virusi. Nifuate pembeni, niko na dawa yake."

"Ikishapewa nyama, tutumie picha."

"Uliza swali vizuri, hatuelewi. Mashine ya aina gani?"

Naye akajibu, maskini: "Ni nyeusi."

Walicheka siku nzima. Ni nyeusi! Waliligeuza kuwa wimbo. Mtu akiuliza lolote, wengine wanamjibu: je, ni nyeusi? Na lile jibu la kwanza, umezima ukawasha, niliandika mimi.

Nakuomba ulikumbuke hilo kule uendako. Watakuuliza maswali mabaya. Watakuambia mashine ni nyeusi, watakuambia imegoma, imekasirika, haitaki. Utachoka nao, mimi nilichoka nao, na bado nikifikiria nachoka. Lakini Mama Faida hakuwa anauliza habari ya mashine. Alikuwa anauliza kama yuko salama, na katika kundi lile zima hakuna aliyemjibu hilo, na mtu pekee aliyekuwa na jibu lenyewe alikuwa hatua nne kutoka kwake, amekaa na klavye magotini.

Hapana, nimekosea. Mmoja alimjibu. Fundi mmoja wa Kigoma, simjui sura, aliandika: "Mama, angalia nyuma ya mashine, kwenye matundu madogo. Ukikuta kitu kidogo kama ukucha, kichomoe. Halafu nenda kamuulize jirani yako anacheka nini."

Niliposoma maneno hayo, Mama Faida alikuwa ameshaenda nyumbani. Alimjibu kwamba ataangalia kesho. Kesho yake nikafika shuleni kabla ya kengele, kabla ya watoto, nikainama nyuma ya mashine nikakichomoa. Nilipogeuka, Feza alikuwa mlangoni na ndoo yake.

"Yaya," akasema. Ndivyo alivyoniita tangu utoto, mimi mkubwa wake. "Unatafuta nini kwa mashini ya wenyewe?"

"Nakaza waya."

Aliangalia mkono wangu uliofumbwa. Aliuangalia kwa muda. Kisha akainama akaanza kufagia, kuanzia pembeni, kama kawaida yake.

Mama Faida alipokuja akaangalia, hakukuta kitu. Akaandika kundini: "Nimeangalia, hamuna kitu." Wakamcheka yule fundi. Yeye akajibu: "Basi mama, sijui. Samahani." Mtu mmoja tu aliyejua, na nilimfanya aonekane mjinga mbele ya wajinga. Hilo nalo liko kwenye hesabu yangu, na huyo sina hata pa kumtafuta.

Juma lile lile mjukuu wa Mama Faida aliugua malaria, mtoto mchanga, damu ikamwishia. Alilazwa, akatiwa damu, ikawa siku mbili haijulikani kama atakaa. Na watu wakakumbuka kwamba mashine ilisema inataka nyama.

Walituita kwenye darasa la sita, jioni ya Ijumaa: walimu, kamati ya wazazi, mchungaji wa kile chumba cha maombi alikosali Mama Faida, na watu wake. Wewe hukuwapo, dada zako waliambiwa wakuzuie nyumbani. Umesikia kisa hiki kwa vinywa vya watu. Sikia sasa cha kwangu.

Mchungaji aliuliza, "Ni nani kila asubuhi anakuya kusema iko na njaa?"

Mama Faida akaanza kulia. "Ni Feza. Lakini ni utani, Pasta. Tunachekaka tu."

"Na ni nani anapangusaka hii mashini kila siku?"

"Ni Feza."

Mwalimu mmoja nyuma akadakia, "Na mume yake alikufa na nini?"

Feza akageuka. "Alikufa na lori. Weye mwenyewe ulikuya kwa kilio, ukakula sahani mbili ukaomba ya tatu."

Watu walicheka. Mauwa, nakuapia, kwa dakika nzima kile chumba kilicheka, na kama ningesimama katika kicheko kile yangekwisha. Kicheko kilikuwa mlango wa pili nilioachiwa wazi. Nilibaki nimekaa. Mfukoni nilikuwa nimekishika kile kipande, kimeloa jasho.

Ndipo prefe akanigeukia. "Papa Direkta, weye njo mutu wa siansi. Hawa wote tunasema tu. Tuambie kweli. Mashini inaweza kuandika yenyewe?"

Wote wakageukia nilipokaa. Hakuna siku niliyowahi kusikilizwa vile, hata darasani. Nilikuwa nimetaka kuombwa, haya, nimeombwa. Nikasimama, nikasema:

"Hapana. Mashine haiwezi kuandika yenyewe. Kuna mtu anayeandika."

Ni kweli tupu. Chukua sentensi hiyo kwa mwalimu yeyote wa fizikia, ataitia sahihi. Nilijiambia nimesema ukweli na iliyobaki ni juu yao. Ninakueleza hili kwa sababu wewe una kichwa changu, unapenda jibu liwe sahihi, na nimekuona ukiwashinda dada zako kwa majibu sahihi ambayo hayakuwasaidia kitu. Jibu langu lilikuwa sahihi. Nililikata pale lilipoanza kunigusa mimi, nikawaachia wao wamalizie, na wao walikuwa wameshajua watamalizia na jina gani.

Feza alinitazama. Hakulia. Akasema, "Kama Papa Direkta amesema iko mutu, basi iko mutu."

Papa Direkta, alisema. Hakusema yaya.

Walimpa mpaka Jumatatu awe ametoka mjini. Vijana walitupa mawe kwenye bati lake siku ya Jumamosi, na wewe ulikuwa chini ya kitanda changu, umeziba masikio. Mashine haikuandika tena, kwa sababu klavye nilikuwa nimeitupa ziwani. Mtoto wa watu akapona, kwa sababu ya damu aliyotiwa hospitalini. Na kila mtu akasema, mnaona? Kila nililotumaini lingemtetea lilimchimbia shimo zaidi. Nilikuwa nikitembea barabarani nasikia, mnaona, mnaona, nikatamani kuwapiga watu makofi, na wa kwanza kupigwa nilikuwa mimi.

Unakumbuka ilikuwa miezi gani ile. Watu wa Nyunzu walikuwa wanakimbilia kwetu na magodoro kichwani, wamelala mpaka kwenye madarasa, kwa sababu ya vita vya kule. Barabara nzima ilikuwa inakuja Kalemie. Mtu mmoja tu alikuwa anaelekea upande wa pili, dada yangu, kwa kuwa ndugu za marehemu mume wake wako Nyunzu na hakuwa na pengine.

Usidhani nimekaa tu tangu hapo. Nimejaribu, na ndiyo sababu barua hii ina hasira. Mama Faida alihamia Moba kwa binti yake. Nilipanga kwenda, nikaahirisha, nikapanga, nikaahirisha, nikaletewa habari kwamba amefariki. Mchungaji yule aligombana na watu wake akaondoka. Aliyemfuata nilimwita hapa kitandani, nikamweleza yote kwa saa nzima, jasho linanitoka; akanishika mkono akasema, "Papa, hayo ni ya zamani, tusiamushe mambo," akaomba, akanywa chai, akaenda. Prefe mpya hata hajui kulikuwa na Feza.

Juma lililopita nikasema, basi, nitalisema kule kule lilikoanzia. Lile kundi lipo bado. Nilikuomba simu yako, ukadhani nataka kusikiliza habari. Nilichapa kwa kidole kimoja tangu asubuhi mpaka mchana, mtandao ukakatika mara mbili, nikaanza upya. Niliandika kwamba mimi ni Volti, kwamba mashine ya yule mama wa Kalemie niliichezea mimi kutoka chumba cha pili, kwamba fundi wa Kigoma alisema kweli, kwamba mwanamke mmoja amefukuzwa mjini kwa ajili yangu. Nikatuma. Jibu la kwanza lilikuja haraka: "Mzee, umezima ukawasha?" La pili: "Hii ni hadithi au ni swali?" Kisha msimamizi wa kundi, kijana sijui wa wapi, akaufuta ujumbe wote na kuandika: "Hapa ni matatizo ya kompyuta tu. Mambo ya familia peleka kwingine." Na akanitoa.

Nilikaa na hiyo simu mkononi nikicheka kwa hasira mpaka dada yako akaja kuuliza kama napumua vizuri. Yule kijana hana kosa. Nimejitahidi nimchukie, nimeshindwa. Mambo ya familia yanapelekwa kwenye familia, na mimi nimezunguka dunia nzima ili nisiyalete hapa, kwenye chumba cha pili kutoka ulipolala wewe.

Kwa hiyo nimeyaleta. Sheria sikupi. Mwenye kutoa sheria katika nyumba hii alikwisha siku ile ya Ijumaa. Tangu hapo umekuwa ukilelewa na mzee anayekohoa kila jina la shangazi yako linapotajwa. Mwaka juzi Feza alikutumia kitenge kwa mkono wa mama mmoja muuza mihogo. Ulikitazama, ukampa dada yako. Ukasema, "Miye sina shangazi. Aliondoka bila kuniaga." Ulipokuwa na miaka kumi na mitatu maneno hayo uliyasema kwa kulia. Siku ile ya kitenge uliyasema huku unachambua mchele. Nilikuwa kwenye kiti changu pale pale. Nikakohoa.

Treni itasimama Nyunzu. Itasimama saa nyingi, hiyo najua, treni ile haina haraka na mtu. Feza anakaa nyuma ya soko; ukiuliza mama Feza anayesaga mihogo, watakuonyesha. Nimeulizia kwa wanaotoka kule. Yu hai, nywele zimekuwa nyeupe, goti moja linamsumbua. Hajamwambia mtu yeyote alichokiona siku ile ya ndoo. Hata mmoja. Angelitamka neno moja pale darasani angebaki, na mimi ndiye ningeondoka. Alinyamaza kwa ajili ya nani, sijui. Sikuthubutu kumuuliza, na sasa sina miguu ya kwenda.

Sikuagizi ushuke. Nasema tu kwamba itasimama. Na ukishuka, ukamkuta, atasita. Hatakukimbilia. Huenda akasimama mlangoni kwake akungoje useme wewe kwanza, na utadhani ni chuki, au ni haya, utageuka urudi kwenye treni. Kwa hiyo lazima ujue amebeba nini kichwani kuhusu wewe, na nani alimtwika.

Siku ya kuondoka alikuja kukuaga. Lori lilikuwa barabarani, dereva anapiga honi. Feza alisimama uani kwetu na mfuko wake mmoja, akasema, "Yaya, niitie Mauwa." Kwa mara ya mwisho aliniita yaya. Wewe ulikuwa ndani unapiga pasi sare ya shule. Nilikuona kupitia dirisha, umempa mgongo. Niliogopa kwamba mkikumbatiana atakuambia alichokiona mkononi mwangu. Nikasogea, nikasimama kati yake na mlango, nikamwambia, "Mauwa anakuogopa. Amesema hataki kukuona."

Hukusema hivyo, mwanangu. Wala sikukuita.